Ruti Ni Nani?

Miongoni mwa wanafunzi wangu hapa Songea wamo watumishi wa umma, na swali lao la mara kwa mara ni hili: kwa nini mtaalamu wa TEHAMA amnyime mtumishi mwenzake uwezo wa kuandika amri kwenye seva ya ofisi? Wengi huliona jambo hilo kuwa dharau. Mimi naliona kuwa ni ulinzi, tena wa huyo huyo anayenyimwa.

Seva nyingi hutumia mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux. Humo amri huandikwa kupitia programu iitwayo sheli (siyo ile ya kuuzia mafuta). Mtumiaji mkuu huitwa ruti, naye husoma, hubadili na hufuta apendacho. Sasa, mtumishi ambaye kazi yake ni kupandisha mafaili ya taarifa za mwezi anahitaji sheli ya nini? Mfumo unaruhusu afungiwe ndani ya folda yake, apandishe mafaili, basi. Wapo wanaoridhika na rbash, sheli yenye mipaka inayomzuia mtumiaji kuhama folda. Hiyo peke yake ni uzio wa mabua: ukimwachia humo programu ya kuhariri maandishi kama vi, ataitumia kufungua sheli kamili na kutoka.

Hata hivyo, ugonjwa wetu si wa kiufundi. Kwetu funguo hufuata cheo. Mkubwa asiyewahi kuandika amri hata moja hudai nywila ya ruti kwa kuwa ni mkubwa, humpa katibu muhtasi, naye humpa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Siku taarifa za wananchi zikifutika, kumbukumbu za seva zitasema tu kwamba aliyefuta ni ruti. Ruti ni nani?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingia kwenye mfumo bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huitaka taasisi izilinde taarifa za watu. Zote zinahitaji jibu la swali hilo, na nachelea kwamba katika ofisi zetu jibu litapatikana kwa urahisi mno: ni yule kijana.

Mkulima wa mahindi wa Ruvuma hushtuka akiona anayepima magunia yake ndiye anayeandika na ndiye anayelipa. Tushtuke vivyo hivyo. Kila mtumishi aingie kwa jina lake, na amri chache zinazohitaji mamlaka ya ruti ziruhusiwe moja moja kupitia sudo, ambayo huandika nani ameamuru nini na saa ngapi. Katika orodha ya watakaopunguziwa funguo, jina la mkurugenzi litangulie.