Elena wa Street Fighter: Anatisha kwa mateke au kwa kujiongezea damu?

Mkenya wa Street Fighter karudi ulingoni. Tangu 5 Juni 2025 Elena yumo kwenye Street Fighter 6, na ubishi wa zamani umeanza upya: ni mhusika mkali kweli, au anasumbua tu?

Kwa mchezaji wa Ndungu, wilayani Same, huyu ni kama jirani. Capcom ya Japani ilimtambulisha mwaka 1997 kama binti wa mbuga za Kenya, na mbuga zenyewe haziko mbali: Hifadhi ya Mkomazi, chini ya milima ya Upare, inapakana na Tsavo Magharibi. Hata pigo lake moja linaitwa Rhino Horn, yaani pembe ya faru, na Mkomazi faru weusi wapo.

Kama umekulia kwenye banda la gemu, mkumbuke Eddy Gordo wa Tekken 3. Naye ni wa 1997, naye anapigana kwa capoeira, sanaa iliyozaliwa Brazil kati ya Waafrika waliofanywa watumwa. Eddy alisifika kwa kuwabeba hata wanaobonyeza ovyo. Elena ukimbonyeza ovyo, unachapwa.

Mateke yake

Elena anategemea miguu, na miguu yake mirefu inamfikia mpinzani akiwa bado mbali. Lynx Tail inafyeka chini, lazima ujikinge umechuchumaa. Mallet Smash inashuka kutoka juu, lazima ujikinge umesimama. Ukichagua vibaya, umekula. Ukimrukia, Scratch Wheel inakudaka hewani.

Udhaifu upo. Hana kombora la kurusha, kwa hiyo mtu kama Ryu anaweza kumweka mbali. Kwenye 3rd Strike ya 1999 mapigo yake hayakuwa mazito pia, ndiyo maana alibaki chini ya Chun-Li, Yun na Ken.

Silaha yenyewe

Kilichompa jina si teke, ni Healing: anasimama, anajiongezea damu. Ilikuwepo kwenye 3rd Strike, ikarudi kwenye Ultra Street Fighter IV mwaka 2014.

Ubaya wake uko kwenye saa. Raundi ni sekunde 99, na anayeongoza kwa damu kwa kawaida anarudi nyuma na kusubiri muda uishe. Mbele ya Elena hilo halifai. Ukimpa nafasi anajitibu, na uongozi wako unayeyuka. Inabidi umfuate haraka, na ukimfuata haraka unaingia kwenye miguu yake. Yaani anakulazimisha uamue ukiwa na presha.

Intaneti inambeba

Hapa ndipo mchezaji wa huku anapaswa kuwa makini. Street Fighter inaenda fremu 60 kwa sekunde. Ukicheleweshwa na intaneti kwa milisekunde 100, hizo ni fremu 6. Street Fighter 6 inabashiri utakachobonyeza ili gemu isikwame, lakini ikikosea, pigo la mpinzani linatokea kwenye skrini likiwa limeshaanza.

Matokeo yake, Mallet Smash uliyotakiwa kuiona na kuizuia unaibahatisha. Mhusika anayeishi kwa kukuchagulisha juu au chini anaongezeka nguvu bila kuguswa na Capcom.

Kwa hiyo zile orodha za wahusika wakali zisome kwa akili. Wanaozitengeneza wengi wanacheza meza moja, au kwa intaneti ya kasi huko Japani na Marekani. Elena wao si lazima awe Elena wa mtu anayecheza kwa bando la simu.

Ukitaka kujua kama unafungwa na Elena au na mtandao, kuna kipimo rahisi: banda moja, TV moja, pedi mbili. Akikuchapa na hapo, huna wa kumsingizia.