Miti ya Maua katika Nyumba Zetu

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba karani apandaye miti ya maua mbele ya nyumba ya Serikali apoteza nguvu zake bure, kwa kuwa leo yu Moshi, na kesho barua ya uhamisho itamwita Kigoma. Sikubaliani nao. Atakayeingia katika nyumba hiyo ni mtumishi mwenzetu, na uzuri atakaoukuta utamfaa. Neno nilionalo kuwa zito ni jingine: twapanda mti gani?

Maana si kila ua zuri ni rafiki. Lantana, ile yenye vishada vya manjano, rangi ya machungwa na waridi, asili yake ni nchi za joto za Amerika, ikaletwa iwe pambo na ua wa nyumba. Ndege hula matunda yake meusi na kutawanya mbegu, na ukiikata huchipua tena kisikini. Kwa mtu wa tambarare huo ni udhia tu. Lakini huku mlimani, Kilema, Marangu na Machame, ng'ombe wengi hufungwa ndani, nao hawali ila waletewacho. Mtoto akipogoa ua huo na kutupa majani horini pamoja na ya migomba, ng'ombe mwenye njaa akayala, ini lake huharibika, macho huwa manjano, na ngozi ipigwayo na jua hubabuka. Olianda ni mbaya zaidi: majani yake, hata makavu, yaweza kumwua ng'ombe, na mtu pia. Nimeona watu wakiipanda karibu na mlango wa jiko na kuisifu! Mimi nasema ing'olewe penye watoto na mifugo.

Asidhani mtu kwamba nakataa wageni. Mbuni wenyewe, uliowalipia wengi wetu karo ya shule, ni mgeni hapa. Asili yake ni Ethiopia, na mapadre wa Kilema waliupanda mwishoni mwa karne ya 19. Chama cha wakulima Waafrika cha mwaka 1925, na KNCU iliyokifuata mwaka 1933, vyote vilisimama juu ya mgeni huyo.

Basi kwa Moshi mjini, penye jua kali, naona bogenvilea yafaa kuliko yote. Yatoka Brazili, jina lake ni la baharia Mfaransa Bougainville, ambaye mtaalamu wa mimea wa safari yake, Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Watu husifu maua yake mekundu, kumbe hayo ni majani. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilicho katikati. Kata tawi lililokomaa, la unene wa kalamu, ulichomeke udongoni masika yaanzapo. Likiisha kushika, usilimwagilie mno, maana likishiba maji huota majani mabichi matupu. Maji ya mfongo yabaki kwa migomba.

Mpakani yakae masale, kama wazee wa Uchagga walivyoyapanda, nao ndio waliopeleka jani lake kwa mtu waliyetaka kumwomba radhi. Bogenvilea isipandwe hapo. Miiba yake haina adabu kwa jirani.

Mwanachama apataye barua ya uhamisho na akate vijiti kabla ya kufunga mizigo. Vichache avifunge katika kitambaa chenye maji asafiri navyo. Vilivyobaki amwachie jirani.