Kamba: Dawa haichukui nafasi ya barafu

Kamba wa Rufiji, Bagamoyo au Ghuba ya Ungwana nchini Kenya wakichelewa njiani huanza kuwa weusi kichwani, na mnunuzi akiuona weusi huo hushusha bei papo hapo. Hasara hiyo ndiyo inayomshawishi mfanyabiashara kuongeza dawa, na hapo ndipo soko linapoweza kupotea.

Weusi wenyewe si uozo. Unatokana na kimeng'enya cha kamba mwenyewe, kilichojaa zaidi kichwani, kinapofanya kazi penye hewa. Dawa iliyozoeleka ni salfaiti: unga wake huyeyushwa katika maji na kamba huchovywa humo mara baada ya kuvuliwa. Weusi huchelewa, lakini kamba aliyekosa barafu huendelea kuharibika, hata kama sura yake bado inavutia.

Salfaiti inaruhusiwa kwa kipimo. Umoja wa Ulaya unakubali miligramu 150 kwa kilo ya nyama ya kamba wabichi wakubwa, na hadi 300 kwa wale wadogo wanaozidi 120 kwa kilo. Ikizidi miligramu 10, lazima itajwe kwenye lebo, kwa kuwa huweza kuwadhuru wenye pumu. Formalini haimo kabisa katika dawa zinazoruhusiwa kuhifadhia kamba.

Tatizo kubwa ni mzigo unaopita mikono mingi. Mvuvi akichovya, kisha mchuuzi naye akachovya bila kuuliza, kipimo huzidi pasipo mtu kujua. Shehena ikikataliwa bandarini, hasara humwangukia mwenye mzigo.

Njia za asili nazo zinajaribiwa, zikiwamo dondoo za chai ya kijani na kitosani inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Ndimu nayo husaidia, ila asidi yake hubadilisha ladha na nyama.

Kwa sasa, kinga ya gharama nafuu ni ileile: barafu tangu chomboni, maji ya barafu yaliyoyeyuka yapate pa kutokea, na kichwa kiondolewe pale mnunuzi anapokubali. Aliyetumia dawa aandike ni ipi, kiasi gani na lini, na karatasi hiyo isafiri na mzigo. Dereva asiyekuwa nayo amebeba shehena asiyoijua.