Kuhamisha Rehani Amu: Yasemwayo na Sheria Ilivyo

Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ilianza kuteremsha riba yake ya msingi, iliyokuwa imefika asilimia 13, na tangu hapo mazungumzo ya mikopo yamepamba moto hata kwenye mabaraza ya Mkomani na Langoni hapa Amu (Lamu). Aliyeweka nyumba rehani kwa riba ya juu anashauriwa ahamie benki nyingine. Kwa baadhi ya watu shauri hilo ni jema. Ila limezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na mengine yanaweza kumtoa mtu katika nyumba aliyozaliwa. Nitayachukua moja moja, wala sitayapa uzito sawa, maana hatari zake si sawa.

"Ni kubadilisha benki tu, hati ni ile ile."

Hati ni ile ile, lakini rehani ni mpya. Njia iliyozoeleka ni kuomba benki ya zamani taarifa ya deni lililobaki, huku benki mpya ikituma mthamini na kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Ikiridhika, wakili wake anaiandikia benki ya zamani ahadi ya kitaaluma kwamba deni litalipwa. Hapo ndipo hati hutolewa pamoja na waraka wa kuifuta rehani ya kwanza, ikafutwa daftarini na ya pili ikaandikwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa pia mwenye nyumba haki ya kuomba kwa maandishi rehani yenyewe ihamishiwe mkopeshaji mwingine, na inafaa kumuuliza wakili kuhusu njia hiyo mapema. Kwa vyovyote vile utachunguzwa upya kama mkopaji mgeni: kipato chako, biashara yako, rekodi zako za ulipaji mikopo (CRB). Ukikataliwa, pesa ulizomlipa mthamini zimekwenda.

"Gharama ni ushuru wa stempu, na huo ni senti tu."

Ushuru wa stempu kwa rehani ni kweli mdogo: asilimia 0.1 ya mkopo, yaani shilingi 3,000 kwa mkopo wa milioni 3, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu waraka utiwe sahihi. Lakini ushuru huo ndio mdogo kuliko vyote. Wakili wa benki unamlipa wewe, na ada yake ina VAT ya asilimia 16. Mthamini unamlipa wewe, na akitoka Mombasa au Malindi, uliza nani anabeba nauli yake ya kuja kisiwani. Kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo, ada za usajili na za upekuzi, bima ya moto na bima ya maisha. Omba kila kimoja kwa maandishi kabla ya kutia sahihi yoyote.

Tufanye hesabu. Tuseme deni ni milioni 3, riba inashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na gharama zote zimefika 150,000. Mwaka wa kwanza utaokoa karibu 60,000 za riba. Basi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu unarudisha gharama tu, hujapata kitu. Na huo ndio upande mwema wa hesabu. Mara nyingi benki mpya hupendekeza pia muda mrefu zaidi, ili rejesho la mwezi lipungue. Kama ulibakiza miaka 8 kwa asilimia 16, ulikuwa ukilipa takriban 55,600 kwa mwezi. Ukipewa miaka 15 kwa asilimia 14, utalipa kama 40,000, na nyumbani mtashukuru. Lakini jumla ya marejesho imetoka milioni 5.3 ikawa milioni 7.2. Unapookoa 15,000 kwa mwezi leo, unaongeza karibu milioni 1.9 za kulipa mbele. Kila anayehamisha mkopo adai jumla hiyo iandikwe mbele yake, maana kwenye matangazo huoni ila rejesho la mwezi.

"Nyumba imeandikwa jina langu, mke hahusiki."

Anahusika. Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au kuna ushahidi kwamba ameridhia. Kwa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, kila anayeishi katika nyumba hiyo anahesabika. Ridhaa aliyotoa mke kwa rehani ya kwanza ilikuwa ya rehani hiyo, na rehani mpya inahitaji ridhaa nyingine. Wapo wanaojitetea kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayomruhusu Mwislamu kufuata sharia ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Ruhusa hiyo haikulifuta sharti lililo katika Sheria ya Ardhi. Na kula kiapo kwamba huna mke, ilhali unaye, ni kosa la jinai. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mwanamke anayegundua rehani siku ya tangazo la mnada amefichwa jambo alilokuwa na haki ya kulikataa.

"Babu alituachia, mji mzima wajua ni yetu."

Hapa ndipo Amu inapotofautiana na Nairobi, na ndipo shauri zima la kuhamisha rehani mara nyingi hukwama. Mji kujua hakutoshi. Benki inasoma cheti cha upekuzi. Cheti hicho kina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza kiwanja, ya pili inamtaja mwenyewe, ya tatu inataja vizuizi, kama vile rehani, kaveti au amri ya mahakama. Sehemu ya pili ikiwa bado ina jina la babu aliyekufa miaka 40 iliyopita, hakuna benki itakayoendelea. Mirathi hupitia kwanza Mahakama ya Kadhi, warithi watajwe wote na mafungu yao, kisha uhamisho uandikishwe. Shangazi aliyeolewa Pate, mtoto wa ndugu aliye Muscat, wote wamo. Atakayesema "hao hawatajua" anaandaa kesi itakayowakuta wanawe.

Na pengine nyumba si ya warithi kabisa, bali ni waqfu. Waqfu hauuzwi, haurithiwi wala hauwekwi rehani. Sheria ya Waqfu ya 2022 imechukua nafasi ya ile ya zamani ya Makamishna wa Wakf, lakini msingi huo haukubadilika. Kama wazee wanasema kodi ya chumba cha chini huenda msikitini, tafuta waraka kabla ya kutafuta mkopo.

Kisha kuna wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuegemea nyumba ya jirani. Ramani ya ardhi huchora mipaka ya kiwanja, na wikio liko nje ya mipaka hiyo, hewani. Mthamini makini atauliza ni la nani. Wewe uliza kabla yake, na ukubaliane na jirani kwa maandishi.

"Bandari imefunguliwa, bei zimepanda, benki itatoa nyingi."

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na bei zinazotajwa barazani ni nyingi. Lakini mthamini anaandika bei ambayo mnunuzi angelipa leo, pamoja na bei ya mauzo ya haraka, na benki hukopesha sehemu tu ya thamani. Anatazama pia hali ya boriti na kuta za matumbawe.

"Serikali imeunda kampuni ya kuwahamishia watu mikopo."

Ni KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Hukopesha benki na sako ili nazo zikopeshe wananchi kwa riba nafuu. Wewe binafsi huwezi kuiendea. Unachoweza ni kuuliza benki au sako yako kama inatumia fedha hizo, na kama mkopo wako umo ndani ya masharti.

"Benki ya Kiislamu haina riba, basi haina gharama wala mnada."

Kwa Mwislamu anayetaka kutoka katika riba, kuhamia huko ni nia njema na njia ipo. Gulf African Bank, na benki iliyoitwa wakati huo First Community Bank, zilianza kazi 2008. Katika musharaka inayopungua, benki hununua fungu la nyumba nawe ukalipa kodi huku ukilikomboa kidogo kidogo. Lakini wakili yupo, mthamini yupo, na dhamana huandikishwa katika ofisi ile ile ya ardhi. Ukishindwa kulipa, dhamana huuzwa.

"Mji huu ni Urithi wa Dunia, hakuna dalali atakayegusa nyumba."

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001. Ulinzi huo unahusu jengo: hubomoi ukuta wala huongezi ghorofa bila idhini. Hauizuii benki kuuza.

Wala si kweli kwamba ukikosa mwezi mmoja dalali yuko mlangoni. Ilani ya kwanza lazima ikupe angalau miezi 3 ya kulipa. Ya pili, ya nia ya kuuza, ni siku 40, na nakala humfikia mwenzi wako. Kisha dalali anatoa siku 45 za kukomboa. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Na tangu 2007 Sheria ya Benki inasema riba inayoongezwa baada ya mkopo kuharibika haiwezi kupita deni la msingi lililokuwapo siku hiyo.

Kinga hii ya mwisho ndiyo inayopotea kimyakimya katika kuhamisha. Ukihamisha mkopo uliokwisha kuchelewa, riba iliyolimbikizana huingia ndani ya mkopo mpya na kuwa deni la msingi, na kikomo kinaanza kuhesabiwa upya kutoka juu. Mwenye mkopo wa namna hiyo aende kwanza benki yake ya zamani, aombe kupangiwa upya marejesho kwa maandishi, na asitie sahihi ya benki mpya mpaka ajue katika kiasi anachohamisha, kipi ni deni na kipi ni riba.