UNATAKA ALBADIRI? SIKU ULIYOMWAJIRI ULIMUULIZA NINI?



Ndugu zangu, wiki hii baada ya swala ya Isha alinifuata mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu Mbagala. "Shehe, kijana wangu ananiibia. Naomba asomewe albadiri."

Nikamuuliza: kabla ya kuja kwako alifanya kazi wapi? Hajui. Aliondoka huko kwa sababu gani? Hakuuliza. Siku ya kumkabidhi duka, mlihesabu mzigo mkaandika? Hawakuandika. Sasa unajuaje kwamba umeibiwa, na siyo hesabu tu imekosewa? Kimya.

Basi siku ile ulimuuliza nini? Akasema: "Nilimuuliza kabila lake, anakaa kwa nani, na kama ni mwaminifu. Akasema ni mwaminifu. Na wewe Shehe ulisema ni kijana wa msikitini."

Hapo aibu ikanirudia mimi. Ni kweli, nilisema.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A). Umar akataka kujua: ni jirani yake? Amesafiri naye? Wameshughulika pamoja kwa dinari na dirhamu? Yote hapana. Basi huenda alimuona msikitini tu, akiinama na kuinuka? Ndiyo. Umar akamwambia kuwa mtu huyo hamjui. Nami ningekuwa mbele ya Umar angenirudisha hivyo hivyo. Ninachokijua kwa kijana yule ni safu anayosimama. Mkono wake kwenye droo ya pesa sijawahi kuuona.

Ndugu yangu mwenye duka, dada yangu mwenye saluni, mama lishe unayetafuta msaidizi: mnalaumu "vijana wa siku hizi", lakini maswali yenu ndiyo mabovu. Mwizi gani akiulizwa kama ni mwaminifu atajibu hapana? Sijda kwenye paji la uso haihesabu chenji. Kabila halilindi stoo. Mtume (S.A.W) na Abubakar (R.A) walipohama Makka walimkodi kiongozi wa njia ambaye hakuwa Muislamu. Walimkabidhi ngamia wao, na roho zao zilikuwa mkononi mwake. Waliangalia kwamba njia anaijua na amana anaitunza.

Na katika Surat Al-Qasas, binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa (A.S) alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Wafasiri wanasema alikuwa ameviona kwa macho yake: namna alivyowanyweshea wanyama wao, na heshima aliyomfanyia njiani. Alishuhudia vitendo kwanza, kisha akashauri.

Basi uliza vitendo:

1. Kazi ya mwisho ulifanya wapi, na nimpigie nani? Kisha umpigie kweli. Muulize bosi wa zamani swali moja: ungemchukua tena? Akisita, muulize kwa nini, na usikie upande wa kijana pia.

2. Nisimulie siku ambayo hesabu ilipungua mkononi mwako. Ulifanya nini? Aliyewahi kushika pesa za watu ana siku kama hiyo. Sikiliza kama alisema mwenyewe au alisubiri kukamatwa.

3. Rafiki yako akija kukopa na mimi sipo, utamjibuje?

4. Mpe kazi afanye hapo hapo. Mteja ametoa elfu kumi, amenunua vitu vya 3,700, mrudishie chenji. Kama ni uwakala wa pesa za simu: mtu anapiga simu anasema ametuma kimakosa, anataka umrudishie haraka. Utaanzia wapi? Asiyesema ataangalia salio kwanza, usimwachie floti yako.

5. Mwache na yeye akuulize. Mshahara kiasi gani, unalipwa lini, swala ya Ijumaa itakuwaje, pesa ikipungua analipa nani. Musa (A.S) aliambiwa muda wa mkataba wake mapema: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Wewe unamwambia kijana "tutaelewana", halafu mwisho wa mwezi hamwelewani.

Na yapo maswali ya kuacha kabisa. Binti amekuja kuomba kazi unamuuliza ana mchumba, atazaa lini, au unamwambia aje jioni "tuongee vizuri". Muogope Allah! Huko ni kuwinda, siyo kuajiri. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ndoa au ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi tu.

Utasema: "Shehe, mimi nina kiduka tu, siyo benki." Ndiyo hasa uulize! Benki ikipoteza milioni moja kesho inafungua. Wewe ukipoteza mtaji wa wiki moja unafunga, na watoto ada hawana.

Albadiri sikusoma. Nilimwambia akahesabu mzigo wote pamoja na kijana wake, waandike karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Yaliyopita miezi mitatu nyuma huenda tusiyajue mpaka Siku ya Hesabu. Lakini jina la mwizi kijana ameshalibeba mtaani, na kama hakuiba, mimi na mwenye duka tutaulizwa. Dakika kumi za maswali zingetuepusha sote.

Nimemuomba kijana radhi. Na kuanzia leo, ukija kwangu kuniuliza habari za mtu, nitakwambia nilichokiona tu. Mengine kamuulize aliyeshika naye pesa.

Allah atupe riziki ya halali na watu wa amana. Wabillahi tawfiq. Mfikishie mfanyabiashara mwenzako.