Kisu cha jikoni kwanza, panga baadaye

LUBONDJA, Fizi – Mama aliyekimbia vita na kuacha vyombo vyake anahitaji kisu cha kumenya muhogo. Mtoto wake wa kiume anahitaji kazi. Basi kijana anayeanza uhunzi aanze na kisu cha jikoni, si panga. Kinakula chuma kidogo na makaa kidogo, tena hakimtishi mtu njiani.

Lakini asifundishwe kwa nondo. Nondo ni laini: leo kisu kinang'aa sokoni, kesho hakikati hata nyanya. Springi ya gari iliyovunjika ndiyo chuma chenyewe.

Na ugumu wa kazi hii hauko kwenye nyundo, uko kwenye moto. Kisu kipashwe hadi sumaku ya spika ya redio mbovu isikishike tena, yaani nyuzi 770 hivi, kiongezewe moto kidogo, kizamishwe katika mafuta ya mawese yenye uvuguvugu. Hapo kimekuwa kigumu, ila kinavunjika kama kioo. Kisuguliwe, kipashwe tena polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu. Kijana mwenye haraka ya pesa anairuka hatua hii, na hasara inamwangukia mama yule yule. Fundi asimruhusu kuuza kisu kabla hakijamenya muhogo wa wiki nzima nyumbani kwao.