Zahanati ya Chuo Isiwe Jicho la Utawala

Ndugu waamini, yapo mambo yatendwayo kwa jina la utaratibu mwema, kumbe yanamvua mtu heshima yake. Utawala wa chuo ukitaka kujua kila mwanafunzi ameingia zahanati mara ngapi, anaumwa nini na amepewa dawa gani, sisi tunapinga.

Hatupingi kuhesabu wagonjwa. Nchini Tanzania vitabu vya MTUHA hujumlishwa kila mwezi, na taarifa iendayo wilayani ni idadi ya wenye malaria au magonjwa ya zinaa, bila majina. Idadi hiyo yatosha kuagizia dawa. Jina la binti aliyepima mimba lamfaa nini mkuu wa chuo?

Tutazame Marekani. Mwaka 2014 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon alisema amebakwa na wanamichezo watatu, akapata ushauri nasaha katika kituo cha chuo. Chuo, kikijiandaa kwa kesi, kilichukua kumbukumbu za mazungumzo hayo bila idhini yake! Sheria ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za elimu ilikuwa na mwanya, nacho kikaupita. Mwaka 2015 kikakubali kulipa dola 800,000 kuimaliza kesi.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Basi ninyi viongozi wa walei mnaoketi katika mabaraza ya vyuo, ulizeni katika kikao kijacho: ufunguo wa kabati la mafaili ya wagonjwa anao nani, mganga au mshauri wa wanafunzi?